Ezekia, Dawa ya Jioni Haina Kosa

Mume wangu Ezekia,

Wewe ni mjinga. Naanza hapo hapo bila salamu, kwa sababu salamu ni za watu wanaopokea simu. Nimekupigia Jumamosi. Nimekupigia Jumapili tukitoka kanisani, wenzangu wananisubiri juani. Jana nimekupigia mpaka kitochi kikapata moto shavuni. Inaita, inaita, inakatika. Halafu unaniandikia vimaneno viwili: "Niko poa." Mtu aliye mzima anapokea simu ya bibi yake na kumfokea kwamba anamsumbua. Mimi nakujua. Ukiwa mzima una mdomo.

Neema amerudi jana kutoka huko kwako Isongole. Dada yako hajui kuficha kitu, uso wake ni kama sufuria isiyo na kifuniko. Alikaa jikoni kwangu akaanza kuzungusha maneno, oo Isongole kuna baridi, oo barabara ya Mpemba siku hizi ni lami tupu, gari linateleza tu. Nikamwambia, "Neema, sijakuuliza barabara. Mume wangu anaendeleaje?" Akalia.

Basi nimejua. Umeacha dawa ya jioni, huu mwezi wa pili. Ya asubuhi unameza, ya jioni umeitia kwenye begi chini ya viatu. Sababu zako Neema amenipa tatu. Ya kwanza, Festo, mwenzako wa kwenye stoo ya maharage, aliipekua kwenye simu yake akakwambia hiyo ni dawa ya vichaa. Ya pili, umenenepa na wanakuita Kiroba. Ya tatu, eti dawa hiyo ilikuangusha tangu siku za mwanzo, kwa hiyo hukuwahi kuiamini.

Hiyo ya tatu nitaifikia. Niache kwanza.

Na ujue barua hii sijaifunga. Bahasha ninayo, ila gundi yake sikuilamba. Neema asome, Festo asome, mwenye stoo naye asome, na akipita mchungaji mpeni. Yale tuliyokuwa tunanong'ona humu ndani ndiyo yametufikisha hapa. Mimi nina darasa la nne la zamani, herufi zangu ni kubwa na zimeinama, lakini mwalimu wetu alikuwa na fimbo na zinasomeka. Asiyeweza kuzisoma shauri yake.

Unakumbuka ulivyoletwa kwangu hapa Ndalambo? Mama yenu alikuwa ametuacha, mmemzika wiki ile. Neema mdogo mgongoni kwa shangazi yenu, wewe una miaka sita, umeshika mfuko wa nguo zako kwa mikono miwili kama mtu atakunyang'anya. Hukulia. Ulinitazama tu. Nikakwambia, "Karibu. Kuanzia leo wewe ndiye mume wangu, huyu babu yako amechoka, hanifai." Babu yako akajibu akiwa pale kwenye kigoda, "Mchukue, lakini ajue mwanamke huyo anataka kuni kila asubuhi." Ulisikia utani ukadhani ni amri. Kesho yake kabla sijanawa uso ukaja na vijiti vitatu vyembamba kama vidole vyako, ukaviweka miguuni pangu. "Mke wangu, kuni hizo." Nilipika uji kwa vijiti vile. Haukuiva. Nikaunywa.

Toka siku hiyo nimekuwa na mume mwenye maneno. Ulikuwa unabishana na mimi kwa kila kitu. Ulibishana kwamba jogoo wetu ni mkubwa kuliko wa jirani, ulibishana kwamba karanga zinapandwa mistari mipana, na karanga umezijua juzi tu. Nilikuwa nakufukuza na mwiko. Sikujua kwamba kelele zile ndizo zilikuwa afya yako.

Ndiyo maana naumia nikikumbuka ulivyorudi kutoka Tunduma mwaka ule wa mvua nyingi, mtu mzima, na begi moja. Ulisema umechoka na kazi za mpakani, unataka kupumzika wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Ulikuwa unalala mchana, unakaa mlangoni jioni, huogi mpaka nikuwekee maji, ukiulizwa neno unajibu nusu. Siku moja nimetoka kisimani nakuta yule nguruwe wetu jike ametoka bandani, yuko kwenye viazi vyangu, anafukua tuta baada ya tuta. Na wewe umekaa hatua kumi kutoka hapo, unamtazama. Humfukuzi wala huniiti. Unamtazama kama unayetazama mvua. Nilikurukia kwa maneno. Nilikuita mvivu. Nilisema mjini wamekuharibu, nikasema babu yako angekuwa hai angekuchapa. Ulisema tu, "Samahani, bibi," na machozi yakakutoka, na hukuyafuta.

Nilikuita mvivu miezi mitatu, Ezekia. Hilo nalikumbuka kila nikipita kwenye matuta yale.

Halafu ukasema lile neno. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi napukuchua, wewe umeshika gunzi lile lile tangu tumekaa. Ukasema taratibu kama mtu anayesema habari ya hali ya hewa: "Bibi, ninyi mngekuwa na nafuu bila mimi." Hapo ndipo nilipoacha kukuita mvivu. Asubuhi yake tulikuwa ndani ya gari la Tunduma, wewe dirishani, mimi pembeni nimekushika mkono wa shati usije ukashuka.

Pale kliniki ndipo tulipomkuta nesi Tabitha. Unamkumbuka, mfupi, mnene, sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuuliza unalalaje. Nikajibu mimi, "Analala mno." Akakuuliza unakulaje. Nikajibu, "Anadokoa." Akakuuliza kama kuna siku unatamani usiamke. Nikafungua mdomo, naye akageuka: "Mama, nimemuuliza yeye. Wewe ukiugua tutakuuliza wewe." Ukacheka kidogo, pua tu. Nilikasirika, lakini kicheko kile kilikuwa cha kwanza tangu mvua zianze, nikamsamehe.

Daktari akasema ni sonona. Nikamwambia, "Sonona ndiyo nini, huzuni?" Akasema huzuni inakuja na kuondoka, huu ni ugonjwa, unamkamata mtu hamu yake na usingizi wake na fikra zake, na unatibika. Akakupa vidonge vya asubuhi. Akasema msitegemee muujiza kesho, mhesabu wiki. Na kweli, wiki ya tano ulianza kuoga bila kuambiwa. Ukaanza kufunga banda la nguruwe. Lakini ilikuwa nusu yako. Nusu nyingine sikuiona. Ulikula bila kusema kitu, ulifanya kazi bila kusema kitu. Tukarudi, wakaongeza kipimo cha vidonge vile vile, tukahesabu wiki tena. Bado nusu.

Ndipo tukamkuta daktari mwingine, yule kijana mrefu mwenye miwani. Alisoma faili lako lote, ukurasa kwa ukurasa, nikawa najiambia huyu anataka kumaliza siku humu. Kisha akatueleza wazi, na hapa Ezekia usiseme hukusikia kwa sababu mimi nilisikia: "Ya asubuhi imefanya kazi, lakini peke yake haifiki. Hatuitoi. Tunaiongezea mwenzake, kidonge kidogo cha jioni, vifanye kazi pamoja. Wagonjwa wengi huwa hivi, si wewe tu." Akauliza, "Mama, tumeelewana?" Nikasema tumeelewana.

Nilikuwa naongopa. Sasa nimeifikia hiyo sababu yako ya tatu.

Wewe umekulia kwangu lakini mambo mengine sikukufundisha kwa sababu siku hizi mnatucheka. Kwetu, mtu akitoka kwa mganga mmoja akaenda kwa mwingine, dawa ya yule wa kwanza hailazwi ndani ya nyumba. Mama yangu alifanya hivyo na mama yake alifanya hivyo. Wa kwanza ameshindwa, wa pili ameichukua kazi. Ukibaki na dawa za wote wawili zinagombana tumboni mwa mgonjwa, na anayepigwa ni yeye. Kwa hiyo ya kwanza unaipeleka njia panda, unaimwaga, unaifukia kwa mguu, unarudi nyumbani bila kugeuka.

Yule daktari wa miwani nilimsikia vizuri. Masikio yangu mazima. Nilisema tu moyoni, huyu ni mtoto, amesoma vitabu, haya mambo hayajui. Nami ni mzee, nimezika watu, nimeuguza watu.

Tulirudi Ndalambo. Asubuhi ya pili, wewe uko bandani, nilichukua kile kimfuko cha vidonge vyako vya asubuhi, nikakifunga kwenye ncha ya kanga, nikaenda mpaka pale njia ya mashineni inapokutana na njia ya kisimani. Nikavimwaga. Vilikaa kwenye vumbi vyeupe kama meno ya mtoto. Nikavifukia kwa mguu. Nikarudi sikugeuka.

Ukaniuliza, "Bibi, zile za asubuhi ziko wapi?" Nikakujibu, "Zimemaliza kazi yake. Sasa ni hii mpya tu." Ukasema sawa. Wewe, mume wangu mbishi, uliyebishana na mimi juu ya jogoo, ulisema sawa tu. Hata hilo halikunishtua.

Siku ya tatu ukaanza kuyumba. Ulisema kichwani kuna kitu kinapita kama umeme, fyuu, fyuu, ukigeuza macho tu. Ulitoka jasho kwenye baridi. Ulilia kwa sababu moshi wa jikoni umekuingia machoni, ukaendelea kulia moshi umeshatoka. Siku ya saba hukutoka kitandani. Nilikuletea uji, ukashika mkono wangu, ukasema, "Bibi, hata hii mpya imeshindwa. Tena hii ndiyo inaniangusha kabisa. Mimi sina dawa."

Na mimi nilijua nilichokifanya. Siku hiyo nilikuwa nimeanza kujua. Nilipaswa kusema pale pale. Nikakwambia, "Kunywa uji." Siku tisa jumla hukuwa na dawa ya asubuhi, Ezekia. Ukaamini kwamba umefika mwisho wa dawa zote za duniani, na vidonge vyako viko njia panda chini ya miguu ya watu wanaokwenda kusaga.

Siku ya kumi nikamwomba jirani akuangalie, nikaenda mjini peke yangu. Nilimkuta Tabitha anagawa kadi. Nikamvuta pembeni nikamweleza, nikitegemea ataelewa, maana naye ni mtu wa huku huku. Aliweka kadi chini. "Mama, umefanya nini?" Nikamweleza tena juu ya waganga wawili. Akashika kiuno. "Waganga wawili wapi? Yule daktari wa kwanza na yule wa pili wanakunywa chai chumba kimoja! Wanaandika kwenye faili moja! Nani kakwambia wamegombana?" Watu wote kwenye benchi waligeuka. Nilijifunika kanga, mimi ambaye pale kanisani ndiye ninayewafunika wenzangu.

Alinieleza tena polepole kama anayefundisha mtoto. Kwamba dawa ya asubuhi ikikatwa ghafla mwili unashtuka, na ule umeme kichwani unatokana na kukosa dawa ya asubuhi, wala haukuletwa na kidonge cha jioni. Kwamba kile kidogo hakikuletwa kije kufukuza mwenzake, kimeletwa kumsukuma. Akamwita daktari, wakazungumza, wakanipa vingine na kuniandikia namna ya kuanza. Kisha Tabitha akanishika bega: "Umwambie kijana ukweli. Simwambii mimi. Utamwambia wewe."

Njiani kurudi nilipita mashamba ya watu, wanawake wanatia mbolea ya kukuzia kwenye mahindi yaliyofika magotini. Nikaona ujinga wangu wote umepangwa mistari. Nimetia mbolea maisha yangu yote. Ya kupandia inaingia na mbegu, mahindi yanaota, yanafika mahali yanakuwa ya njano yanasimama. Unaleta ya kukuzia. Kuna mtu aliwahi kufukua ya kupandia kwanza? Nilijicheka kwa sauti, konda akauliza, "Bibi, vipi?" Nikamwambia aangalie mlango wake.

Nikafika nyumbani. Ulikuwa umejifunika. Nikakwambia, "Wamesema zile za asubuhi uzirudie, unywe zote mbili." Ukauliza, "Sasa kwa nini walizitoa?" Nami mtu mzima, mama wa kanisa, nikajibu, "Ndivyo walivyoona wao." Nikawatupia madaktari kosa langu. Na tangu siku hiyo sijakwambia. Nimekuwa nangoja siku nzuri. Umepona nikasema nisimharibie, umeondoka nikasema atakaporudi. Na wewe umetembea na uongo wangu mpaka Isongole, ukaukuta huko una kazi: Festo aliposema neno moja tu juu ya kidonge kile, wewe tayari ulikuwa na ushahidi. Ulisema moyoni, ndiyo, hata kule kwa bibi kiliniangusha.

HAKIKUKUANGUSHA. NILIKUANGUSHA MIMI. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisingizie macho.

Sasa nikukumbushe kilichotokea ulipomeza vyote viwili, maana naona umesahau. Wiki ya kwanza usingizi tu. Wiki ya pili ulikwenda mwenyewe kurekebisha mlango wa banda. Wiki ya nne au ya tano, tuko chakulani, mimi na wewe na majani ya maboga. Ulitia tonge mdomoni, ukatafuna, ukaacha kutafuna. Ukanitazama. "Bibi, mboga hii haina chumvi." Miezi minane ulikuwa unakula chochote nilichokuwekea, kibichi, kilichoungua, hukuwahi kusema. Nikakwambia, "Ninyi wanaume mkishiba ndiyo mnaanza dharau." Ukasema, "Sijashiba, ndiyo shida yenyewe, siwezi kushiba mboga kama hii." Niliinuka eti nafuata chumvi. Nilisimama nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikasikia unaniita, "Mke wangu, umekwenda kuichimba hiyo chumvi?"

Huyo ndiye mume wangu. Nusu ya pili ilirudi siku hiyo. Dawa moja haikumleta. Zilimleta mbili.

Sasa mambo ya Festo. Mwambie nimesema hivi, na kama anasoma mwenyewe asome kwa sauti. Ni kweli, dawa ile wanapewa pia watu wanaosikia sauti zisizokuwepo. Tabitha aliniambia tangu zamani, sikuhitaji simu ya mtu. Wao wanapewa nyingi, wewe umepewa kidogo, kwa kazi nyingine. Jembe langu hili nalimia karanga, na ndilo lililomchimbia kaburi babu yako. Nikiwa shambani nalima karanga, mtu akipita aseme ninachimba kaburi? Na hata ungekuwa unasikia hizo sauti, ungekuwa mgonjwa anayekunywa dawa yake, basi. Kuna ubaya gani? Anayestahili kuchekwa ni mwenye dawa ndani ya begi chini ya viatu.

Na huo unene. Nimekuona Krismasi, ni kweli ulikuwa unakula ugali wa watu wawili na suruali ilikuwa inafungwa kwa kamba. Sikatai. Lakini Tabitha si alikupima uzito kila tulipokwenda? Si walikutoa damu kidoleni kuangalia sukari? Ulidhani wanacheza? Walisema mbele yetu sote kwamba dawa ile inaleta njaa kwa wengine, inaleta usingizi wa asubuhi, na ikikuzidi useme, wanaweza kuipunguza, wanaweza kuibadilisha kwa nyingine. Useme! Mdomo wa kubishana na mimi unao, wa kumwambia daktari suruali haipiti huna? Umechagua kukaa kimya na kuitupa begini. Hilo umelirithi kwangu, na sikupendi nalo.

Ninaandika nimekaa mlangoni, miguu inaniuma, hasira inapanda inashuka. Najikasirikia kuliko ninavyokukasirikia, lakini wewe uko mbali na ni rahisi kukufokea. Nimeamka leo nikatazama matuta ya viazi nikaona uvivu niliokuita haukuwa wako hata siku moja. Mvivu nilikuwa mimi. Neno moja tu lilinitaka nilitoe, nikalilea miaka miwili.

Ningekuachia ujifikirie mwenyewe, mtu mzima. Lakini Neema amenieleza chumba chako. Dirisha limefungwa mchana. Shati lile lile siku nne. Stoo hujakwenda siku nne. Na alipokuambia, "Kaka, twende basi kwa bibi," ulimjibu kwamba sisi tungekuwa na nafuu bila wewe. Ni neno lile lile la kwenye mahindi. Ulipolisema mara ya kwanza nilikuwa sijui ni nini. Sasa najua ni ugonjwa unasema kwa mdomo wako, na najua unapoanza kusema hivyo hatuna wiki za kungoja.

Nafuu gani, wewe mtoto? Nani atabishana na mimi? Neema akiambiwa kitu anakubali, Neema hana ladha. Babu yako ameshaondoka. Nimebaki na mume mmoja na sitaki mwingine.

Sasa sikiliza, maana haya hatujadiliani.

Neema, anayerudi huko na barua hii, analala hapo kwako mpaka mtakapoondoka, na hutamtoa nje kwa kisingizio chochote. Ya asubuhi endelea kumeza kama kawaida. Ya jioni usijirudishie mwenyewe leo kwa hasira ya barua hii. Umeiacha muda mrefu, daktari ndiye atasema uanzeje, au akupe nyingine. Ibebe tu, na ile ya asubuhi, na kadi yako. Alhamisi ni siku ya kliniki. Mpande gari la kwanza hapo Isongole, mkifika Mpemba mkamate la Tunduma. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye lile benchi kabla hawajafungua dirisha la kadi. Mbele ya Tabitha na mbele ya daktari nitasema nilichofanya, wakiandike kwenye faili lako. Wewe utasema umeacha lini, kwa nini, suruali, Kiroba, vyote, na lile neno la nafuu ulitamke kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi safari hii sitajibu kwa niaba yako. Na likikujia tena kabla ya Alhamisi, msingoje mtu, Neema akufikishe kituo cha afya saa hiyo hiyo, iwe saa yoyote ile, hata kama mko na kandambili.

Nimemwambia Neema akikupa karatasi hizi atoke nje, akae hapo kizingitini mpaka umalize. Umemaliza. Yuko huko, hajala tangu Tunduma. Inuka, fungua dirisha, nawa uso, kisha umfungulie dada yako mlango.

Ni mimi, bibi yako na mke wako wa kwanza,
Ndalambo.